Dawa Niliyompaka Polikarp

Nimebatiza watoto kumi na wanne kwa mkono wangu huu, na mimi si padri wala sista. Ni mjane wa Milanzi, mkulima wa mahindi na ulezi, niliyefundishwa na katekista kwamba mtoto akiwa anakata roho na padri yuko mbali, Mkristo yeyote anaweza kummwagia maji kichwani na kutamka yale maneno, mradi asiyakosee. Mimi sikuyakosea hata mara moja. Basi wakawa wananiita. Mtoto akikakamaa tu, utasikia, "Kimbieni kwa mama Avelina." Nilikuwa napenda kuitwa. Nisidanganye, nilikuwa napenda sana.

Wa kumi na nne alikuwa mjukuu wangu mwenyewe.

Mama yake anaitwa Sayi. Mwanangu Theodory alimpata bondeni, Kaoze, alikokuwa akienda kutengeneza mashine za kukoboa mpunga. Akaniletea binti wa Kisukuma, mrefu, mpole, aliyekulia kwenye ng'ombe wa baba yake na kwenye joto. Mimi nilitaka mkwe wa parokiani kwetu, na sikuficha. Akisonga ugali wa ulezi naonja, halafu nakaa kimya kwa namna ambayo mtu anajua amekosea. Akivaa masweta mawili mwezi wa tano, nacheka mbele ya majirani: "Huyu mwezi wa saba itabidi tumwanike juani." Naye anacheka. Nilidhani tunataniana.

Mtoto alizaliwa mwezi huo huo wa tano, salama kabisa. Ulipofika wa saba, upepo wetu ule ukaanza, unaopita hata kwenye ukuta wa tofali, na pua yake ikaziba. Akinyonya anaachia ziwa, anahema kwa mdomo, analia. Nikachukua dawa yangu ya kupaka, ile ya kikopo ambayo ukifungua tu inakupanda mpaka kwenye macho, nikampaka kifuani, mgongoni, na kidogo ndani ya pua. Ndivyo nilivyowalea wa kwangu wanne. Kwenye kikopo pameandikwa mambo kwa herufi ndogo, lakini nani anasoma kikopo?

Ilikuwa mchana, tumekaa jikoni kwenye moto, mimi nimempakata. Nilipomaliza kumpaka puani akatulia. Nikafurahi kwamba dawa imefanya kazi. Kisha nikaona ametulia mno. Kifua hakipandi. Midomo inaingia rangi ya zambarau. Sayi akapiga yowe. Mimi sikupiga, mimi ndiye fundi wa mambo hayo. Nikachota maji ya baridi kwenye ndoo, nikammwagia kichwani mara tatu, na kwa kuwa baba yake alikuwa bado hajaamua jina, jina la kwanza lililonijia mdomoni likawa la marehemu mume wangu. "Polikarp, nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Kabla sijasema amina mtoto akashtuka, akavuta pumzi, akalia kilio cha kujaza nyumba.

Jioni ile jumuiya yetu nzima ilikuja kusali rozari ya shukrani. Nilisimulia mara ngapi sijui, na kila nilivyosimulia pumzi ilizidi kuchelewa kurudi. Sayi alikuwa pembeni, mtoto kifuani. Aliniuliza kwa sauti ya chini kama tusimpeleke hospitali. Kutoka kwetu hadi hospitali ni bajaji moja tu, hata nusu saa haifiki.

"Mungu ameshamrudisha," nilimwambia kwa sauti ambayo kila mtu aisikie. "Sasa wewe unataka daktari amrudishe wapi?"

Watu wakacheka. Nikaona nimepatia, nikaongeza, "Wewe kazi yako ni kumpaka dawa. Usiache hata siku moja. Pua ndiyo iliyotaka kumuua."

Siku tisa baadaye, alfajiri, nilisikia sauti ambayo sikuijua. Nilipotoka nilimkuta Sayi amesimama mlangoni mwa chumba chake, amemshika mtoto kwa mikono miwili, amemsogeza mbele, ananipa. Nilimpokea. Polikarp alikuwa wa baridi. Theodory hakuwepo, alikuwa kwenye mashine zake za bondeni.

Sasa niseme lile ambalo nimelizunguka miaka mitatu. Mtoto niliyembatiza mimi, akarudi, jumuiya ikamsalia, kwa akili yangu hakuweza kufa hivi hivi. Ilikuwa lazima apatikane mtu. Nikamtazama yule msichana, majirani wameshaanza kuingia na khanga zao mabegani, nikasema, "Umemlalia."

"Hapana, mama," alisema.

"Umelala fofofo na masweta yako, umemlalia mtoto."

Nilirudia makaburini. Nilirudia kwa wanawake waliokuja kukaa nasi msibani, mmoja mmoja, kila aliyeuliza na asiyeuliza. Siku ya kwanza Sayi alikataa. Siku ya pili akawa anasema, "Labda." Kufikia kumaliza matanga alikuwa anaeleza mwenyewe, kwa utaratibu, jinsi alivyoamka akakuta mkono wa mtoto uko chini ya mgongo wake. Theodory alirudi, akasikiliza, hakumtetea mkewe. Nguo za Sayi nilizifunga mimi. Gari la bondeni nilimtafutia mimi. Alipopanda hakulia, aliniambia, "Asante, mama." Nikaona ana adabu.

Miaka miwili ikapita. Theodory alihama, akaenda Kipili kutengeneza injini za boti, na nyumbani akawa anapiga simu Krismasi na Pasaka. Mimi niliendelea na shamba langu na heshima yangu.

Ndipo akaja Bertilla. Huyu ni binti wa jirani, nesi, nilimfundisha mimi mwenyewe mafundisho ya komunyo, na siku hizo alikuwa ameajiriwa na watu wa utafiti. Alikuja na kishikwambi mkononi, akanipa shikamoo, akaketi. Alisema wanapita nyumba kwa nyumba wakiuliza habari za watoto wachanga. Maswali yalikuwa mengi, ya kuni, ya madirisha, ya mahali mtoto anapolala. Kisha akauliza kama katika nyumba hii mtoto mchanga aliwahi kuacha kupumua kwa muda, halafu akaendelea.

Nilijiweka sawa kwenye kiti. "Aliwahi," nilisema, nikamsimulia yote, maji na maneno na kilio. Yeye anabonyeza.

"Na kabla hajaacha kupumua, mama, alipewa kitu chochote? Kunywa, kupakwa?"

"Dawa ya mafua tu."

"Muda gani kabla?"

"Palepale. Hata kikopo sikuwa nimekifunga."

Vidole vyake vilisimama. Halafu akabonyeza tena, akaomba kukiona kikopo chenyewe, akakipiga picha mbele na nyuma. Alipoinuka nilimkumbusha aandike vizuri kwamba nilimbatiza na kwamba ubatizo ndio uliomrudisha.

"Hakuna sehemu ya kuandika hilo, mama," alisema. Niliudhika naye wiki nzima.

Majibu yalitoka mwaka huu, baada ya mavuno. Tuliitwa zahanati, wanawake tupu, tukakaa kwenye mabenchi. Daktari mmoja kijana alisimama akaeleza kwa Kiswahili kizuri, polepole, mtu asitoke hajaelewa. Alisema kwenye dawa zile za kupaka mna kemikali inaitwa mentoli. Ndiyo inayoleta ubaridi. Mtu mzima akiipaka, ubaridi ule unamdanganya kwamba pua imezibuka, kumbe iko vilevile. Lakini mtoto mchanga akipakwa puani au karibu na pua, ubaridi huo unaweza kuufanya mwili wake usimamishe pumzi kwa sekunde kadhaa. Katika watoto waliowafuatilia, waliopakwa walisimama kupumua mara nyingi zaidi kuliko wasiopakwa. Wengi waliendelea wenyewe.

Niliinua mkono. "Mtoto akisimama kupumua, halafu akaendelea, si ndiyo amepona?"

"Hapana, mama," alisema. "Huyo anatuonya. Huyo ni wa kukimbizwa hospitali siku hiyo hiyo."

Sikusikia yaliyofuata. Nilisubiri wenzangu watawanyike, nikamvuta Bertilla, aliyekuja na daktari, nyuma ya tangi la maji.

"Nilimuua?"

"Mama Avelina..."

"Nimekuuliza."

"Utafiti umeonyesha uhusiano," alisema. Alikuwa ananionea huruma, na mimi huruma yake sikuitaka. "Uhusiano tu. Kwa mtoto mmoja hatuwezi kusema. Kuna watoto wanafariki usingizini na hakuna anayejua sababu."

"Na kulaliwa je?"

"Inawezekana pia. Uliona alama yoyote mwilini? Usoni, kwenye pua?"

Nilimwosha yule mtoto mimi mwenyewe. Nilimvalisha mimi. Sikuangalia, kwa sababu nilikuwa najua tayari.

Nilirudi nyumbani na hasira ambayo sikujua niimwage wapi. Yule msichana nilimhukumu pale mlangoni, kabla hata jua halijachomoza, bila kishikwambi, bila daktari. Ilipofika zamu yangu, nikapewa uhusiano.

Nilimpigia Theodory. Injini zilikuwa zinanguruma nyuma yake, ikabidi niseme mara mbili.

"Sayi umemwambia?" aliuliza.

"Bado, mwanangu."

"Sasa mimi unanipigia wa nini?" Akakata.

Habari za Sayi nilikuwa nazo. Wauza mchele wa kutoka bondeni huleta mchele na maneno. Nilijua ameolewa tena, na Msukuma mwenzao anaitwa Masanja, na kwamba amejifungua mtoto wa kike na yuko kwa wazazi wake. Nilijua pia lile lililokuwa linasemwa kwa kicheko sokoni, kwamba halali na mtoto wake. Ananyonyesha amekaa, akimaliza anamrudisha kwa bibi yake. Usiku anakaa ameegemea ukuta hadi kunakucha. Niliposikia mara ya kwanza nilisema, "Afadhali amejifunza." Nilisema hivyo. Mungu alikuwa anasikia.

Sasa nilitaka kitu kimoja tu duniani. Sikutaka msamaha, msamaha ningeutafuta kwa padri. Nilitaka Sayi alale na mtoto wake.

Nilipanda gari la asubuhi. Tulishuka ule mteremko, na kila kona joto linaongezeka, nikavua sweta, nikavua na kitambaa cha kichwa. Kaoze nilielekezwa kwa mzee Ngeleja, baba yake. Ua mpana, zizi, mavi ya ng'ombe yanakauka. Mzee alinisalimu kwa heshima, akaniwekea kiti kivulini mwa nyumba, na alipojua mimi ni nani akainuka akaenda kwa ng'ombe wake bila kuaga. Sikumlaumu. Mke wake alibaki. Aliniletea maji ya kunywa na akasimama pale pale nilipokuwa nikinywa, kuhakikisha nakunywa na kuondoka.

Sayi akatoka ndani. Amekonda. Macho yake yalikuwa ya mtu asiyelala, mekundu kwa pembeni. Alipiga magoti kidogo. "Shikamoo, mama."

Niliitikia marahaba. Nilimwomba akae, na yeye akakaa chini, kwenye mkeka, na mimi nikashuka kwenye kiti nikakaa chini pia. Mama yake akaenda kukaa mlangoni, karibu na mtoto aliyelala ndani.

Nilimwambia kila kitu. Nilimweleza mentoli ni nini, ubaridi, sekunde, watoto waliofuatiliwa. Nilimwambia yale ya mchana jikoni hayakuwa muujiza, yalikuwa onyo, na kwamba yeye ndiye aliyesema hospitali na mimi ndiye niliyewafanya watu wamcheke. Nilimwambia sikuangalia mwili wa mtoto. "Hukumlalia," nilimwambia. "Yale ni maneno yangu, nilikuwekea mimi mdomoni. Ni dawa. Dawa yangu mimi. Hukumlalia, mwanangu. Lala na mtoto wako."

Hakulia. Alikuwa ananisikiliza kwa makini sana, kichwa ameinamisha.

"Mkono wake ulikuwa chini ya mgongo wangu," alisema.

"Siku ya kwanza hukusema hivyo. Siku ya kwanza ulisema hapana. Kumbuka."

Alikaa akitafuta. Niliona anarudi nyuma, siku baada ya siku, anapita matanga, anapita makaburi, mpaka anafika pale mlangoni. Uso wake ukalegea kidogo. Mabega yakashuka. Nikasema moyoni, amefika. Nikamshukuru Mungu mapema, kama kawaida yangu.

"Hiyo dawa," alisema, "inasimamisha pumzi palepale, au inachelewa?"

"Palepale. Au baada ya muda mfupi, hasa ikiwa ndani ya pua."

"Siku ile ya mwisho wewe ulimpaka saa ngapi?"

"Jioni," nilisema. "Kabla ya kula."

Alitikisa kichwa taratibu. "Jioni ile hukuwepo, mama. Ilikuwa Alhamisi. Ulikwenda kusali jumuiya, ukarudi tumeshaingia ndani." Aliinua macho. "Uliniambia nisiache hata siku moja. Nilimpaka mimi. Halafu akawa anakoroma, nikaogopa, nikaamka nikampaka tena. Nyingi. Ndani ya pua, kama ulivyonionyesha."

Nilitazama mikono yake. Alikuwa ameigeuza, anaitazama yeye pia.

Miaka mitatu alibeba kosa ambalo hakulifanya, la usingizini, ambalo mtu anaweza kusema sikujua. Mimi nikasafiri kutoka juu kuja kumvua hilo na kumvika jingine, la macho wazi, la vidole vyake mwenyewe. Ningeweza kukaa kwangu. Sokoni wangeendelea kucheka, na yeye angeendelea kusema labda.

Nikasema uongo. Sijawahi kusema uongo haraka namna ile. "Sikiliza, Sayi. Usiku ule niliamka. Niliingia chumbani kwenu, nyinyi mmelala. Nikaona pua yake bado imeziba, nikampaka tena, mimi, baada yako. Baada yako kabisa, alfajiri. Ya mwisho ilikuwa yangu. Sikukwambia kwa sababu ya aibu. Ni mimi."

Sayi akanyoosha mkono, akaushika wangu. Katika mwaka mzima tuliokaa nyumba moja hakuwahi kunishika mkono, wala mimi sikuwahi kumshika.

"Hukuingia, mama," alisema kwa upole. "Theodory akisafiri nilikuwa nafunga komeo kwa ndani. Nilikuwa nakuogopa."

Ndani mtoto akaanza kulia. Sayi hakuinuka. Mama yake ndiye aliyekwenda.